Fungu la Kila Mlango

Mwaka bonde lilipokauka, wanyama wa mashimoni waliweka mihogo yao pamoja, wakamteua Ngiri aigawe kwa kuwa hakuwa na upendeleo. Ngiri akaweka kanuni: kila mlango wa shimo upate fungu moja.

Ndezi, ambaye shimo lake lilikuwa limeporomoka, alikuja na watoto wanne.

"Mlango wako uko wapi, mama?" Ngiri aliuliza.

"Umefukiwa. Wanangu hawajala tangu juzi."

"Pole sana. Lakini nikikupa wewe, kesho nitaambiwa napendelea."

Kisha akamwekea Nungunungu mafungu mawili, moja la mlango wake na moja la mlango wa marehemu mkewe.

"Mzee Ngiri, mlango ule hauna mtu," alisema Nungunungu.

"Mlango upo. Mimi nahesabu milango."

Nungunungu alichimba pale pale, mbele ya Ngiri, mpaka shimo likatokea.

"Huu ni mlango wa Ndezi," alisema.

"Acha mzaha, bwana. Hilo ni tundu tupu."

"Hata la mke wangu ni tupu, na umelilisha msimu mzima."

Ngiri aliwatazama watoto wa Ndezi kwa muda. Akairudisha mihogo yote kwenye lundo, akaanza kugawa upya. Safari hii alimuuliza kila mmoja, "Kwenu mnakula wangapi?"

Ndezi alijibu kwamba ni watano.

Ilipofika zamu ya Nungunungu, alikawia kidogo.

"Mmoja," alisema.