Nakijwa Achagua Cheti

Shuleni kwa mwanangu wanafundishwa kwa lugha mbili, lakini ukimaliza kinywa kinabaki na moja. Anayechukua cheti cha taifa hufungwa Kiingereza; anayechukua cha kimataifa hufungwa Kiswahili. Masikio hayaguswi. Ataendelea kuelewa kila kitu, ila lugha iliyofungwa hataweza kuitamka.

Mwanangu Nakijwa anataka kujenga madaraja, na chuo anachokitaka hakipokei cheti cha taifa. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Fomu ilikaa mezani wiki nzima, tunakula pembeni yake.

"Amua mwenyewe," nilimwambia. "Usije ukanisingizia mimi."

Jumatatu akatia kidole kwenye fomu: kimataifa.

Siku ya mwisho kabla ya kufungwa Kiswahili hakunyamaza. Alibishana na muuza nyanya, akawagombeza kuku, akanisomea hata maandishi ya mfuko wa unga. Tulipokuwa tunachambua mchele akaniuliza, "Mama, nikikukosea, nitakuombaje radhi?"

"Osha vyombo bila kuambiwa. Nitaelewa."

Tukacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kesho yake alirudi mchana, ana plasta ndogo shingoni. Alipiga goti kidogo mlangoni kama kawaida yake, akafungua kinywa, na salamu ikatoka kwa Kiingereza.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia.

Aliweka begi chini, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo.

Vyombo vyote nilikuwa nimeshaviosha asubuhi.