Vitambaa vya Kompyuta

Kabla ya alfajiri, kompyuta ya Bi Mwanashehe ilinguruma kama mwenye pumu, kisha ikazimika. Na saa mbili binti yake aliyeko ng'ambo angemwonyesha kwa video mjukuu aliyezaliwa juzi! Alimwita jirani yake Tumu, fundi wa kompyuta, naye akaja mbio na kanga yake ya kulalia.

Tumu alifunua kitambaa cha kufuma kilichoifunika kompyuta, akakuta cha pili, na cha tatu chenye mawaridi.

"Bibi, umeiziba pumzi! Joto linaiua."

"Sasa ikae uchi mbele ya wageni?"

Ilipopoa, ikawaka. Mtoto akatokea kwenye kioo, akapiga miayo. Bi Mwanashehe alifuta machozi kwa vitambaa vyote vitatu.

"Kesho uje tena, mwanangu," akamwambia Tumu, huku akitafuta sindano yake ya kufumia. "Uje unipimie pahali pa kuiachia pua."