Maji ya Wajumbe

Siku ile walikuwepo Beberu, aliyekuwa mwenyekiti, Kondoo, Bata Mzinga, Kuku na vifaranga wake, na Punda, aliyewabebea wajumbe madumu ya maji. Walikutana kutunga sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

"Kifungu cha kwanza," alisema Beberu. "Mnyama asiachwe amesimama na mzigo mgongoni. Nani ana maoni?"

Kondoo alitaka kwanza waelezwe mzigo ni nini. Bata Mzinga aliuliza kama manyoya nayo yanahesabiwa. Jua likapanda. Nyuma yao Punda alikuwa amesimama na madumu yake, na kamba ilikuwa imeanza kumchimba kidonda.

"Jamani, tumtueni Punda," Kuku alisema.

"Mama Vifaranga, sheria haijapita," Beberu alijibu. "Tutamtua kwa sheria gani?"

"Na mwenyewe hajalalamika," Kondoo aliongeza.

"Nilidhani mnamzungumzia punda mwingine," Punda alisema.

Kuku akamrukia mgongoni, akadonoa fundo mpaka likafunguka. Madumu yakaanguka, vizibo vikachomoka, maji yakamwagika. Punda akainama kunywa, na vifaranga wakanywa kando ya pua yake.

"Sasa sisi tutakunywa nini?" aliuliza Bata Mzinga.

"Kisima kiko bondeni," Kuku alisema. "Kila mtu na dumu lake."

Wakati wa kurudi, wakipanda kilima na madumu shingoni, Beberu aliitisha kura palepale njiani. Kifungu kilipita, na hakuna aliyeuliza mzigo ni nini.

Kidonda cha Punda kilipona kabla ya masika.