Imeingia

“Imeingia?” Sista Akwilina aliuliza, kashikilia pazia.

“Imeingia, Sista,” fundi Tunu akajibu. “Ndicho ninachokiogopa.”

Plagi ya pawasaplai mpya, kifaa cha kuipa mashine umeme, ilikaa kwenye bodi kuukuu ya mashine ya ultrasaundi bila hata kusukumwa. Lakini alipoilinganisha na ile iliyoungua, penye waya mweusi, hii mpya ilikuwa na mwekundu. Angewasha hivyo, bodi ingeungua, na mji mzima haukuwa na nyingine.

Akazihamisha nyaya kwa ncha ya sindano, jasho likimchuruzika, kisha akaweka kidole kwenye swichi.

Nyuma ya pazia alilala mjamzito ambaye mtoto wake hakuwa amecheza tumboni tangu asubuhi.

“Ngoja kwanza, fundi,” mjamzito huyo alisema. “Niache kidogo nikiwa sijajua.”

Kidole cha Tunu kilibaki palepale kwenye swichi.