Nguchiro Alikiri Kinywani mwa Mbwa

Mayai ya Kanga yalipotea, na Mbwa, mlinzi asiye na subira, akamburuta Nguchiro hadi kwa hakimu Ngiri.

"Mheshimiwa, mwizi amekiri," alisema Mbwa.

"Alikiri akiwa wapi?"

"Kinywani mwangu."

"Ungenibana mimi hivyo, ningekiri hata kuiba mwezi. Ungamo la namna hiyo halipokelewi hapa. Una shahidi aliyeona?"

Mbwa hakuwa naye.

"Basi, Nguchiro, nimekuachia. Nenda nyumbani."

Kanga akaanza kulia. Nguchiro kwa furaha yake akamrukia hakimu na kumbusu shavuni. Ngiri, ambaye hunusa hata kiazi kilichozikwa ardhini, akasikia harufu ya yai kwenye masharubu yale.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "pua yangu haikula kiapo leo, kwa hiyo haiwezi kukufunga. Lakini likipotea yai lingine, kiti hiki atakikalia Kobe, na mimi nitakaa kule kwa mashahidi."

Tangu siku hiyo Nguchiro hulala kando ya kiota cha Kanga, na yai likiviringika nje, yeye ndiye wa kwanza kulirudisha.