Upana wa Kidole

Makame, muuza matairi, aliweka mawili mlangoni: moja jembamba, jingine limelizidi kwa upana wa kidole.

"Chukua hili pana, mzee wangu. Hilo jembamba litakutelezesha mvua ikinyesha."

"Niazime hilo pana nikalijaribu nyumbani," alisema Mzee Sururu.

"Ala! Tairi linajaribiwa kama kanzu?"

Alimwachia hata hivyo, akamfuata nyuma akicheka. Mzee alilisukuma kwa mkono mpaka uani kwake, kwenye njia mbili za saruji alizozimwaga mwenyewe ili magurudumu yapite. Ukingoni mwa njia moja palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto. Nasra, binti yake Mzee, alikuwa hajaanza hata shule alipokimbia akakibandika kwenye saruji mbichi. Mama yake akafoka, baba akacheka mpaka akakaa chini. Nasra alizikwa ng'ambo, na kaburi lake Mzee hajaliona.

Alilipitisha tairi polepole, kama gari lake linavyoingia. Upande wa pili ukuta ulibana, hapakuwa na pa kusogea. Tairi likafunika kidole cha mwisho cha kile kiganja.

"Vipi, mzee, limekukaa?"

"Hili litamkanyaga mwanangu, Makame. Nipe lile jembamba."

Makame aliinama, akakiona kiganja. Kicheko kikamwisha.

"Na mvua ikinyesha utaendeshaje?"

"Polepole."

Makame alichukua tairi lake akaondoka. Manyunyu yalikuwa yameanza, na kiganja kikawa kinajaa maji, kuanzia kile kidole kidogo.