Mashavu ya Bibi

Mlango wa nyumba yetu hutazama uso na kumfungulia mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba akifa, nyumba huchukuliwa na mji. Bibi alikufa mwaka jana, lakini mlango haujui. Mimi ndiye ninayefanana naye, kwa hiyo kila dawa inayoyajaza mashavu yangu yawe kama yake inapoyeyuka, mama mdogo Chiku hunijaza tena.

"Leo tumia sindano butu," nilimwambia. "Hiyo ya ncha kali hutoboa mishipa. Mara ya mwisho nilivimba wiki nzima."

"Butu inataka mkono uliozoea, na wangu haujazoea. Nyamaza, utapinda kidevu."

"Kidevu cha nani?"

Alichukua ile ya ncha kali. Nilitaka kupiga kelele, lakini sindano ilikuwa tayari shavuni.

Alipomaliza nilitoka nje kuujaribu mlango. Ulinitazama kwa muda mrefu.

"Karibu nyumbani, Bi Mwanahamisi," ukasema, ukafunguka.

Mama alikuwa sebuleni akichambua mchele. Aliinua macho, akaweka ungo chini, akasimama upesi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa akingoja niitikie.